Sadaka kwa Watoto Mbele ya Baraza la Mfalme

Katika mwaka wa 1951 mabwana wa sheria waliokaa katika Baraza la Mfalme huko London walikata shauri lililopandishwa kutoka Mombasa. Vitabu vya sheria vinalijua kwa jina la ukoo, yaani shauri la Bakhshuwen, na kichwa chake kinaweka binti upande mmoja na mwanamume mwenye jina la baba yake upande wa pili. Msomaji wa Pwani hahitaji kuelezwa zaidi ili ahisi uzito wake. Kilichogombewa ni wakfu. Kilichoamuliwa ni kwamba Mwislamu wa Kenya aliyeweka mali yake wakfu kwa ajili ya watoto wake na wajukuu wake, kizazi baada ya kizazi, na kuwataja maskini mwisho kabisa, ukoo utakapokuwa umekwisha, hakuweka kitu. Karatasi yake ilikuwa karatasi tupu.

Mashauri mengi yamekatwa katika nchi zetu yakasahauliwa, wala hapana hasara. Hili halifai kusahauliwa, kwa sababu ndani yake majaji hawakuulizana kama mtu fulani ameiba au hakuiba, au kama deni limelipwa au halijalipwa. Waliulizana maana ya neno moja, nalo ni sadaka, na kwa jibu lao wakazitikisa nyumba ambazo watu walikuwa wamelala ndani yake bila hofu tangu enzi za babu zao.

Wakfu ni nini? Fakihi atajibu kwa maneno machache: ni kukizuia kitu chenyewe na kuyaachilia manufaa yake. Mwenye nyumba hujivua umiliki, na tangu siku hiyo nyumba haiuzwi, haitolewi zawadi, wala hairithiwi. Kinachogawanywa ni kodi yake au haki ya kuikaa, na msimamizi aitwaye mutawali huitunza. Asili ya desturi hii hupelekwa nyuma hadi kwa Umar bin Khattab, aliyepata shamba katika Khaibar akamwendea Mtume kumtaka shauri. Aliambiwa kwamba akipenda na alizuie shamba lenyewe na kuyatoa mazao yake sadaka. Akafanya hivyo. Katika orodha ya waliopewa mazao hayo wamo mafakiri, wamo watumwa wa kukombolewa, wamo wageni na wasafiri. Na wamo jamaa. Neno hilo la jamaa lisimpite msomaji, maana juu yake ndipo ulipoangukia mzigo wote wa shauri letu, miaka elfu moja na mia tatu baadaye.

Katika miji ya Pwani wakfu zilikuwa za namna mbili. Ya kwanza ilikuwa ya msikiti, ya madrasa, ya kisima au ya makaburi. Mtu hutoa duka, au chumba cha kupangisha, au minazi kadhaa, ili mapato yake yanunue mafuta ya taa na mikeka na kumlipa mwadhini. Juu ya hiyo hapana jaji aliyewahi kutia shaka, Mwislamu wala Mwingereza. Namna ya pili ilikuwa wakfu ya dhuria, ambayo mtu huwawekea watoto wake. Nayo ilikuwa na sababu yake, ambayo ni sababu ya hesabu.

Tuseme mtu amekufa, ameacha mke mmoja, wana wawili na mabinti watatu, na mali yake yote ni nyumba moja ya mawe. Sheria ya mirathi yampa mjane thumuni. Kinachobaki hugawanywa kwa watoto, mwana akipata mara mbili ya binti, na hesabu yake hutoka sawasawa: kila mwana thumuni mbili, kila binti thumuni moja. Nyumba moja basi imekuwa mafungu manane mikononi mwa watu sita. Hesabu hiyo ni safi kwenye karatasi. Lakini nyumba haina vyumba vinane vilivyo sawa, na ngazi ni moja, na kisima ni kimoja. Afe mmoja katika hao sita, na fungu lake lipasuke tena. Afe wa pili. Na kabla ya wajukuu kuota ndevu hapana njia ila kuuza na kugawana fedha. Anayenunua ni mwenye fedha, na mara nyingi si wa ukoo. Wanaotoka wa kwanza ni wale ambao thumuni moja haiwezi kuwanunulia paa jingine, yaani mjane, na binti aliyeachwa na mume akarudi kwao. Wakfu ya dhuria ilikuwa kinga ya hao. Ilisema nyumba isiuzwe kamwe, na kila aliye wa damu hii, akipatwa na shida, ana pa kulaza ubavu.

Sasa shauri la nyumba kama hiyo lilifikaje London? Ukanda wa Pwani ya Kenya ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, ukawekwa chini ya ulinzi wa Waingereza kwa mapatano ya mwaka wa 1895. Bendera ya Sultani ilibaki, na makadhi walibaki. Lakini juu ya makadhi zilijengwa mahakama za Kiingereza, na mahakama hizo ziliamriwa kuifuata sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kwa kadiri hali ya nchi na ya watu wake itakavyoruhusu. Pamoja nayo zililetwa sheria nyingi zilizotungwa Bara Hindi, ile ya makosa ya jinai, ile ya ushahidi, ile ya mikataba. Kwa maana Waingereza walipofika kwetu walikuta ni wepesi kufungua sanduku lililokwisha kufungwa Bombay kuliko kushona nguo mpya. Hapo mwanzo hata rufani zilivuka bahari kwenda mahakama kuu ya Bombay. Baadaye, mwaka wa 1902, ikaundwa Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, na juu yake likakaa lile Baraza la London ambalo wanasheria huliita Baraza la Privi, lililokuwa kikomo cha rufani zote za makoloni. Jambo la Mwislamu liliamuliwa kwa sheria ya Kiislamu, ndiyo; lakini anayesema sheria hiyo ni ipi, mwisho wa mwisho, hakuwa kadhi.

Na Baraza hilo lilikuwa limekwisha kusema. Lilisema mwaka wa 1894, katika shauri lililotoka Bengal, ambalo vitabu vinalitaja kwa jina la Abul Fata. Ndugu wawili waliandika hati mwaka wa 1868, wakaifunga mali yao kwa ajili ya watoto wao na vizazi vyao milele. Na vizazi hivyo vikikatika vyote, hapo manufaa yaende kwa wajane, mayatima na maskini. Hukumu ilisomwa na Lord Hobhouse, na imeandikwa kwa nguvu kiasi kwamba hata asiyekubaliana nayo haichoki. Alisema sadaka hiyo ya maskini ni kivuli, kwa sababu ukoo mzima lazima ufe ndipo maskini apate senti. Mawakili walimkumbusha maneno ya Mtume kwamba dinari anayoitumia mtu kwa watu wa nyumba yake ina thawabu kuliko ile anayompa maskini. Akajibu kwamba tutamdhulumu mtoa sheria huyo mkubwa tukidhani aliisifu sadaka ambayo mtoaji wake hajinyimi kitu. Ambayo hutoa kwa mkono mmoja na kurudisha kwa mkono wa pili. Ambayo huwakinga wasimamizi wasiulizwe hesabu, na kuiepusha mali na wenye kuidai madeni.

Hapa tuseme kweli. Maneno hayo hayakuwa ya mtu mjinga, wala hayakutoka hewani. Kulikuwa na matajiri katika Bara Hindi waliokopa kwa mkono wa kulia na kuweka wakfu kwa mkono wa kushoto, na mkopeshaji alipokuja na hati yake akaonyeshwa hati nyingine yenye jina la Mungu juu yake. Jaji anayeona ujanja wa namna hiyo mara kumi huelekea kuuona hata mahali ambapo haupo.

Lakini lipo jambo jingine katika hukumu ile ambalo ndilo kiini cha makala hii. Lord Hobhouse alisema kwamba yeye na wenzake walijitahidi kuitafuta na kuitumia sheria ya Kiislamu kama ilivyojulikana na kutumiwa Bara Hindi. Hakusema zaidi ya hapo. Aliweka mpaka kwa kinywa chake mwenyewe.

Palikuwa na mtu aliyekwisha kuonya mapema. Syed Ameer Ali, jaji Mwislamu wa mahakama kuu ya Calcutta, alikataa kuungana na wenzake mwanzoni mwa miaka ya 1890 katika shauri la namna hiyohiyo. Alifungua vitabu vya mafakihi mmoja baada ya mwingine akaonyesha kwamba kuwawekea wakfu watoto ni tendo la ibada katika sheria ile, si hila ya kuikwepa. Na kwamba neno la Kiingereza la sadaka na neno la Kiarabu la sadaka ni ndugu wa mbali wanaofanana sura tu. Mabwana wa London walizisoma hoja zake, wakamheshimu, wakampita. Mtu huyohuyo alikuja kuwa Mhindi wa kwanza kuketi katika Baraza hilo, mwaka wa 1909, lakini hukumu ya 1894 ilikuwa imekwisha kukaa kitini kabla yake.

Waislamu wa Bara Hindi hawakunyamaza. Walipiga kelele karibu miaka ishirini, na katika mwaka wa 1913 ilitungwa sheria ya kuzihalalisha wakfu za dhuria. Aliyeipeleka katika baraza la kutunga sheria alikuwa wakili kijana wa Bombay, Muhammad Ali Jinnah, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa mambo makubwa kuliko hayo. Sheria hiyo ilisema wazi kwamba wakfu ya mtu kwa watoto wake ni halali, maadamu manufaa ya mwisho yamewekwa, kwa kutajwa au kwa kufahamika, kwa maskini au kwa jambo jingine la kudumu ambalo sheria ya Kiislamu inalihesabu kuwa la kheri. Hukumu ya Lord Hobhouse ikafa katika nchi ilikozaliwa. Kwa ajabu ya mambo ya sheria, iliendelea kuishi katika nchi ambayo haikuzaliwa.

Kwetu ilikuja polepole. Katika mwaka wa 1946 Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, katika shauri la Unguja lililowahusu makamishna wa wakfu, ilijiona imefungwa na hukumu ya London na kuifuata. Kisha likaja shauri la Mombasa, na safari hii rufani ilikwenda hadi London kwenyewe. Hoja za upande wa wakfu zilikuwa mbili, na mtu wa kawaida ataona zote mbili ni nyofu. Ya kwanza, kwamba hukumu ya 1894 ilikuwa ya Bara Hindi, ambako Waislamu wengi hufuata madhehebu ya Hanafi, na watu wa Mombasa ni Shafii. Ya pili, kwamba hata Bara Hindi penyewe hukumu hiyo imekwisha kuondolewa kwa sheria.

Baraza lilizikataa zote. Hukumu ya 1894, lilisema, ilikuwa imeitamka sheria ya Kiislamu kwa jumla, wala si kipande chake cha Kihindi. Hapakuonyeshwa tofauti ya maana kati ya Hanafi na Shafii katika jambo hili. Na sheria ya 1913 iliibadili hali ya Bara Hindi peke yake. Kwa kuwa hapakuwa na sheria iliyotungwa Kenya ya kufanana nayo, hukumu ya zamani ilibaki palepale.

Angalia, msomaji, jinsi fundo lilivyofungwa. Hukumu ilipokuwa na nguvu, ilihesabiwa kuwa ya Waislamu wote, ikavuka bahari. Dawa ya hukumu hiyo ilipokuja, ilihesabiwa kuwa ya Wahindi tu, ikaachwa bandarini. Na ule mpaka aliouweka Lord Hobhouse, kama ilivyojulikana na kutumiwa Bara Hindi, ulirukwa kama ukingo wa mchanga.

Sitaki kuwasingizia majaji wale nia mbaya. Katika mila ya sheria ya Kiingereza, jaji wa chini haivunji hukumu ya jaji wa juu, na hata jaji wa juu huchukia kuivunja ya mwenziwe wa zamani. Kwa sababu mtu anayenunua nyumba leo ataka kujua kwamba sheria ya kesho itakuwa hiyohiyo. Hiyo ni hekima, na nchi zetu zimeirithi na kuishika. Ubaya wa hekima hiyo ni kwamba kosa likiisha kuketi mahali pa juu, kila anayekuja baadaye hulitandikia mkeka.

Tena si kweli kwamba madhehebu hayana tofauti. Mafakihi wa Hanafi wanaofuata kauli ya Abu Yusuf humruhusu mtu kujiwekea wakfu mwenyewe, ale manufaa mpaka afe. Kwa Shafii hilo halifai. Wakfu ya mtu kwa nafsi yake ni batili. Basi lile shtaka kubwa la Lord Hobhouse, la mtu kutoa kwa mkono mmoja na kurudisha kwa mwingine, laweza kumgusa Hanafi kuliko linavyomgusa Shafii wa Mombasa, ambaye sheria yake ilikuwa imekwisha kumkataza kurudisha mkono. Katika kitabu cha Minhaj cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka wa 1277, ambacho kimesomeshwa katika misikiti ya Pwani vizazi kwa vizazi, mlango wa wakfu unaeleza jinsi ya kugawa manufaa kati ya watoto na watoto wa watoto pale mweka wakfu anapowataja pamoja. Mtu haelezi mgawo wa jambo ambalo halifai.

Na hapa kuna kioja cha kihistoria. Kitabu hicho cha Minhaj kilikuwamo katika maktaba za mahakama za Kiingereza, na majaji walikitumia. Lakini walikitumia katika Kiingereza cha mwaka wa 1914, ambacho mfasiri wake hakukitoa katika Kiarabu; alikitoa katika Kifaransa, nacho Kifaransa kilikuwa kazi ya mtaalamu wa Kiholanzi aliyewatumikia watawala wa visiwa vya Java na Sumatra. Hatua chache kutoka mahakamani Mombasa alikuwapo mzee aliyekihifadhi kitabu kizima kwa moyo katika lugha yake yenyewe.

Kwa nini Waingereza walilichukia sana jambo la kumfungia mtoto mali? Sababu mbili zilikuwa zimejificha nyuma ya hukumu. Kwao sadaka ni ya watu wa nje. Maana yake ilikwisha kuchorwa na sheria ya mwaka wa 1601, enzi ya Malkia Elizabeth wa kwanza, na majaji wa baadaye wakaipanga katika mafungu manne: kuwaondolea watu umaskini, elimu, dini, na manufaa mengine ya watu wote. Mtu anayemlisha mtoto wake, kwao, hatoi sadaka; anafanya wajibu wake, au anajipendelea. Ya pili ni ile kanuni yao kwamba mali isifungwe milele, kwa kuwa mali iliyofungwa haiuziki, na nchi yenye mali zisizouzika haina biashara. Sadaka peke yake ndiyo iliyosamehewa kanuni hiyo. Kwa hiyo wakfu ya dhuria ilipigwa mara mbili kwa fimbo moja: si sadaka, kwa hiyo haisamehewi, haisamehewi, kwa hiyo haiwezi kudumu.

Wachina wa Penang walikuwa wamekwisha kuonja fimbo hiyo mwaka wa 1875, mama mmoja alipoacha nyumba ya kufanyia ibada za kuwakumbuka wazee waliokufa, na Baraza likaamua kwamba hiyo si sadaka yenye faida kwa watu, basi haiwezi kufungwa milele. Nataja hilo kuonyesha kwamba Waislamu hawakuonewa peke yao. Na nitaongeza jambo ambalo hukumu hazilitaji: makabaila wa Uingereza wenyewe walizifunga ardhi zao kwa ajili ya wana wao wa kwanza kwa zaidi ya miaka mia mbili, kwa hati ambazo kila kizazi kilizifunga upya kabla hazijafunguka. Njia ilikuwa nyingine, shabaha ilikuwa ileile. Tofauti ni kwamba hawakuiita sadaka, na waliwanyima mabinti.

Miaka minne baada ya shauri la Bakhshuwen, mahakama nyingine ya London ililetewa shauri jingine la Mombasa, nalo lilihusu daraja. Kampuni ya Nyali ilikuwa imejenga daraja la kuelea kati ya kisiwa na bara, likafunguliwa mwaka wa 1931, na kila anayevuka alilipa ushuru. Magari ya jeshi yalivuka, na serikali ikadai kwamba kwa sheria ya kale ya Uingereza watumishi wa Mfalme hawalipi ushuru wa daraja. Katika kulisikiliza shauri hilo mwaka wa 1955, jaji Denning aliyasema maneno yanayotajwa mpaka leo katika mahakama za Afrika. Alisema sheria ya Uingereza ni kama mwaloni: huwezi kuung'oa na kuupanda katika bara la Afrika ukatazamia uwe na ugumu uleule ulio nao kwao. Utastawi, lakini wahitaji kuangaliwa. Matawi mengine yafaa kukatwa, na kazi hiyo ni ya majaji wa nchi zile, kwa kuwa watu lazima wawe na sheria wanayoielewa na kuiheshimu.

Maneno mazuri sana, na kampuni ya daraja ilishinda. Lakini nikiyaweka maneno hayo kando ya hukumu ya 1951 naona jambo la kusikitisha. Majaji wa Afrika ya Mashariki waliambiwa wapogoe tawi la ushuru wa magari, na hapo hapo walikuwa wamekwisha kufungwa mikono juu ya nyumba za wajane. Tena katika shauri la wakfu mti uliong'olewa haukuwa hata mwaloni. Ulikuwa mti wa Waislamu wenyewe, uliochukuliwa kwenda London, ukapogolewa huko kwa mkasi wa mahakama, ukarudishwa ukiitwa bado kwa jina lake la zamani.

Wapo watakaosema kwamba Baraza lilitangulia tu kuyaona ambayo Waislamu wenyewe waliyaona baadaye. Ni kweli kwamba Syria iliifuta wakfu ya dhuria mwaka wa 1949, na Misri ikaifuta mwaka wa 1952, mwaka mmoja baada ya hukumu ya London. Sababu zao zilikuwa nzito. Baada ya vizazi vitano au sita nyumba moja huwa na wenye haki mia na zaidi, kila mmoja akipata senti zisizotosha kununua kikombe cha kahawa. Mutawali hula, paa huvuja, na hapana anayetengeneza kwa kuwa hapana mwenyewe. Aliyepita katika mitaa ya zamani ya miji yetu ameziona nyumba hizo. Mimi siitetei wakfu ya dhuria kana kwamba haina kasoro. Lakini Syria na Misri zilitunga sheria, zikasema: jambo hili lilikuwa halali, na sasa tunaliondoa kwa maslahi ya nchi. Hazikusema kwamba mafakihi wa karne kumi na tatu hawakujua maana ya sadaka. Aliyenyang'anywa kwa sheria mpya anajua alichonyang'anywa. Aliyeambiwa na mahakama kwamba baba yake hakuwahi kutoa kitu amepoteza nyumba pamoja na heshima ya marehemu.

Kwa Kenya dawa ilikuja mwaka uleule wa 1951, katika sheria mpya ya makamishna wa wakfu. Ilitamka kwamba wakfu ya Mwislamu kwa ajili ya jamaa, watoto au vizazi vyake ni halali, maadamu imefuata sheria ya Kiislamu katika mengineyo, na maadamu manufaa ya mwisho yamewekwa, kwa kutajwa au kwa kufahamika, kwa maskini au kwa jambo la kheri la kudumu. Msomaji ameyatambua maneno hayo; ni ya sheria ya Bara Hindi ya 1913, karibu neno kwa neno. Maradhi yalikuwa yamekuja kwa njia ya Bara Hindi, na dawa nayo ikaja kwa njia hiyohiyo.

Safari hii, hata hivyo, waandishi walikuwa wamejifunza. Sheria ya 1913 haikusema lolote juu ya wakfu zilizowekwa kabla yake, mahakama zikashika kwamba hizo haziguswi, na ikawabidi watu wa Bara Hindi wangoje mpaka mwaka wa 1930 ndipo itungwe sheria ya pili ya kuziokoa. Na katika miaka hiyo kumi na saba nyumba nyingi zilikwenda. Sheria ya Kenya ilitaja zote pamoja, wakfu zilizokwisha kuwekwa na zitakazowekwa.